Kaboni ya Anga za Juu Katika Theluji ya Antaktika

Kila mwaka vumbi la anga za juu linalokadiriwa kufikia tani 5,200 hutua kwenye uso wa dunia, sehemu kubwa yake ikiwa chembe zenye kipenyo cha kati ya mikromita 30 na 200, kiasi kwamba nyingi hazionekani bila hadubini. Vumbi hilo halichagui mahali. Huanguka juu ya mapaa ya Mwanza na Mombasa kama linavyoanguka baharini na jangwani. Tatizo ni kwamba likishatua mjini huchanganyika papo hapo na masizi ya magari, mchanga wa barabarani, chavua na vijidudu. Na hata pale ambapo mtu mwenye subira anafaulu kuokota chembe moja moja ya anga kwa sumaku na hadubini, kaboni iliyomo haimfai tena mtafiti, kwa kuwa imekwisha kushikamana na kaboni ya hapa duniani. Anayetaka kujua vumbi hilo limebeba kemia gani hana budi kulifuata mahali ambapo karibu hakuna kinachoanguka kutoka juu isipokuwa theluji.

Mahali hapo ni uwanda wa juu wa Antaktika. Habari zinazotangazwa kuhusu kazi hii kwa kawaida huhusu kupatikana kwa kitu: chembe fulani imeokotwa, asidi amino fulani, yaani molekuli ndogo za aina ambayo protini hujengwa kwayo, imeonekana. Kwa maoni yangu, anayeisoma kazi hii hivyo ameanzia mwisho. Kukuta kaboni katika barafu si jambo gumu, kwa sababu kaboni imo katika karibu kila kitu ambacho mtafiti huenda nacho huko, kuanzia glavu hadi pumzi yake mwenyewe. Kazi kubwa ni kuthibitisha kwamba kaboni hiyo haikuletwa na mtu, upepo wala bakteria, na karibu kila hatua ya utafiti, tangu kuchagua mahali pa kuchimba hadi aina ya mfuko wa kuhifadhia sampuli, hupangwa kwa ajili ya uthibitisho huo.

Kuna dhana moja inayopaswa kuondolewa mapema. Kampaundi za kaboni zinazotafutwa si dalili ya viumbe. Molekuli zinazounganisha kaboni, hidrojeni, nitrojeni na oksijeni hujiunda zenyewe katika mawingu baridi ya gesi yaliyo kati ya nyota, katika barafu ya nyotamkia inapopigwa na mionzi, na ndani ya asteroidi zilizowahi kuwa na maji. Kimondo cha Murchison, kilichoanguka Australia tarehe 28 Septemba 1969, kimetoa zaidi ya aina 70 za asidi amino, na nyingi kati ya hizo hazimo katika protini za kiumbe chochote. Kwa hiyo swali ni hili: kabla ya uhai kuanza, dunia ilipokea malighafi gani kutoka nje, na malighafi hiyo iliundwa wapi? Si kila kimondo kinaweza kusaidia kulijibu. Kimondo cha Mbozi kule Songwe, pamoja na uzito wake wa zaidi ya tani 10, ni pande la chuma na nikeli na hakina la kusema kuhusu jambo hili. Vinavyofaa ni vimondo laini na vyeusi vyenye kaboni nyingi, ambavyo huvunjika upesi na kuharibiwa na mvua, na pamoja navyo chembe ndogo za vumbi.

Barafu ya Antaktika huhifadhi mawe na vumbi kwa njia mbili tofauti. Mawe hukusanywa na mwendo wa barafu yenyewe: kimondo kinachoanguka katikati ya bara hufunikwa na theluji, kikashuka, kikasafiri polepole na barafu kuelekea pwani, na pale ambapo milima inazuia mwendo huo barafu hupanda juu huku upepo mkavu ukiila tabaka kwa tabaka, hadi mawe yaliyoanguka kwa nyakati na mahali mbalimbali yanabaki wazi juu ya barafu ya rangi ya buluu. Jambo hili lilijulikana mwaka 1969, pale wataalamu wa barafu kutoka Japani walipookota vimondo tisa karibu na milima ya Yamato na kukuta ni vya aina mbalimbali, hivyo haviwezi kuwa vipande vya jiwe moja lililopasuka. Tangu wakati huo zaidi ya vimondo 45,000 vimetolewa katika bara hilo. Vumbi halihitaji mwendo wowote wa barafu; liko kila mahali kwenye theluji, ila ni kidogo mno.

Watafiti waliolifuata vumbi hawakuanzia Antaktika. Katikati ya miaka ya 1980 Mfaransa Michel Maurette na wenzake walilitafuta katika Greenland, ukingoni mwa barafu kuu ya kisiwa hicho, ambako theluji huyeyuka kila kiangazi na kuacha mashapo meusi chini ya maziwa ya maji ya barafu. Chembe za anga zilikuwamo, tena kwa wingi, lakini mashapo hayo yalikuwa yamejaa bakteria na mwani, jambo ambalo ni msiba kwa mtu anayetafuta kaboni isiyotoka kwa viumbe. Baadaye walihamia Cap Prudhomme, kwenye pwani ya Antaktika karibu na kituo cha Kifaransa cha Dumont d'Urville, wakayeyusha tani zipatazo 100 za barafu ya buluu na kuyachuja maji yake. Huko vijidudu vilikuwa vichache zaidi, ingawa chembe nyingi zilionyesha dalili za kulowana: madini yanayoyeyuka kwa urahisi yalikuwa yamepungua au kutoweka, na pale maji yalipoweza kutoa madini hakuna sababu ya kuamini kwamba yaliziacha kampaundi za kaboni zilivyokuwa. Katika Ncha ya Kusini yenyewe, Susan Taylor na wenzake walitumia njia ya werevu zaidi: kituo cha Marekani kilichoko huko hupata maji ya kunywa kwa kuyeyusha barafu chini kabisa na kutengeneza kisima, kwa hiyo vumbi lote lililokuwa katika barafu iliyoyeyushwa hujikusanya sakafuni mwa kisima hicho, na mwaka 1995 walilifyonza kwa mashine.

Kwa kaboni, hata hivyo, mahali palipoleta mabadiliko makubwa ni Dome C, kilipo kituo cha Concordia kinachoendeshwa kwa pamoja na Ufaransa na Italia. Kituo kiko mita 3,233 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Wastani wa joto kwa mwaka ni kama nyuzi 55 chini ya sifuri, hivyo theluji haiyeyuki hata katikati ya kiangazi, na chembe iliyotua humo haikutana na maji hadi siku mtu atakapoiyeyusha. Watafiti Wafaransa Jean Duprat na Cécile Engrand wameongoza safari kadhaa za kuchimba huko tangu mwaka 2000. Wachimbaji huchagua upande ambako upepo unatokea ili moshi wa kituo usiwafikie, huchimba handaki la kina cha mita kadhaa hadi kuifikia theluji iliyoanguka kabla kituo hakijajengwa, kisha huingia humo wakiwa wamevaa mavazi ya maabara kutoka kichwani hadi miguuni juu ya nguo zao za baridi. Theluji huyeyushwa katika chombo maalumu, maji hupitishwa kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 30, na kinachobaki hupekuliwa chini ya hadubini punje kwa punje. Muda ambao chembe inakaa majini hufanywa mfupi kadiri inavyowezekana.

Hesabu ndogo inaonyesha jinsi kazi hii ilivyo na mavuno haba. Kila mita moja ya mraba ya Dome C hupokea kwa mwaka takriban mikrogramu 8.6 za chembe za anga, na katika mwaka huo huo hupokea theluji yenye uzito wa kilo 25 hadi 30. Kwa hiyo tani nzima ya theluji, ambayo ni theluji ya mita za mraba zipatazo 35 kwa mwaka mmoja, ina vumbi la anga la theluthi moja tu ya miligramu, kiasi cha punje tano au sita za chumvi ya mezani. Tena si lote linalofaa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, ambayo ndiyo yaliyotoa makadirio ya tani 5,200, kulikuwa na chembe 1,280 ambazo hazikuyeyuka zilipopita katika angahewa na vidonge vya mviringo 808 ambavyo viliyeyuka kabisa. Vidonge ni vizito zaidi, hivyo kwa uzito ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa, lakini kaboni yao imekwisha kuungua. Mtafiti wa kaboni hubaki na zile ambazo hazikuyeyuka.

Chembe ikishapatikana, mashtaka dhidi yake huanza: je, ni kweli imetoka nje? Ushahidi wenye nguvu kuliko wote hutolewa na hidrojeni. Katika maji ya bahari, atomu moja tu kati ya kila atomu 6,400 za hidrojeni ni ile nzito iitwayo deuteri. Katika baridi kali ya mawingu yaliyo kati ya nyota, au pembezoni mwa mfumo wa jua, kemia hupendelea deuteri na kuirundika ndani ya molekuli za kaboni, hivyo uwiano hupanda mara nyingi kuliko wa bahari. Hakuna glavu, mafuta ya jenereta wala bakteria inayoweza kutoa uwiano wa namna hiyo. Faida nyingine ni kwamba kipimo hiki hufanywa ndani ya chembe yenyewe, eneo kwa eneo, kwa hiyo mtafiti anaweza kuonyesha kwamba deuteri imo pale pale kaboni ilipo, wala si katika uchafu uliogusa upande wa nje.

Asidi amino hutoa ushahidi wa aina nyingine, na huo hauna nguvu sawa. Nyingi kati ya asidi hizi zina maumbo mawili, moja likiwa taswira ya kioo ya lingine, nayo huitwa la kushoto na la kulia. Viumbe wa dunia hujenga protini kwa umbo la kushoto pekee, ilhali kemia isiyo na uhai hutoa yote mawili kwa viwango vinavyokaribiana. Kwa hiyo mchanganyiko wa nusu kwa nusu hudokeza asili ya nje, na wingi wa umbo la kushoto huamsha shaka. Hudokeza tu, kwa sababu asidi amino za kiumbe aliyekufa nazo hugeuka taratibu hadi maumbo yote mawili yawe sawa, ingawa baridi huchelewesha mno mabadiliko hayo. Na kwa upande wa pili, katika kimondo cha Murchison isovalini imeonyesha kiasi kilichozidi cha umbo la kushoto bila kiumbe yeyote kuhusika. Isovalini pamoja na ndugu yake, asidi ya aminoisobutiriki, hupendwa na watafiti kwa kuwa ni adimu sana katika viumbe, japokuwa kuvu wa aina fulani huitengeneza hiyo ya pili. Mwaka 1998 asidi ya aminoisobutiriki iliripotiwa katika baadhi ya makundi ya chembe za Cap Prudhomme. Uchunguzi mwingine wa mamia ya chembe za Antaktika haukuiona. Mimi sioni kama hilo ni mgongano wa kushangaza. Punje hizi zimetoka kwenye magimba mengi tofauti, na kila moja imepita angani kwa njia yake.

Anayetaka kuona jinsi ushahidi unavyoweza kumponyoka mtu hana haja ya kwenda mbali zaidi ya jiwe liitwalo ALH84001. Lilipatikana katika Allan Hills, Antaktika, tarehe 27 Desemba 1984, likiwa na uzito wa karibu kilo mbili, na miaka tisa baadaye lilitambuliwa kuwa limetoka Mirihi. Mwezi Agosti 1996 David McKay na wenzake walitangaza kwamba ndani yake kulikuwa na kampaundi za kaboni zenye pete nyingi za atomu, pamoja na maumbo madogo waliyoyafasiri kuwa huenda ni mabaki ya viumbe wa kale wa sayari hiyo, na Rais wa Marekani akalitolea hotuba. Lakini jiwe hilo lilikuwa limelala katika barafu kwa miaka ipatayo 13,000. Mwaka 1998 timu ya Jeffrey Bada ilionyesha kwamba asidi amino zilizomo ni za umbo la kushoto na zinafanana na zile zilizomo katika barafu ya mahali jiwe lilipookotwa. Mwaka huo huo vipimo vya kaboni-14, ambayo huzaliwa katika angahewa yetu na haidumu zaidi ya makumi machache ya maelfu ya miaka, vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kampaundi za kaboni za jiwe hilo ni za dunia. Maji ya barafu yanapoyeyuka juani pembeni mwa jiwe jeusi huingia katika nyufa zake na kuacha humo kila yalichobeba. Ilibaki sehemu ndogo inayoonekana kuwa ya Mirihi kweli, na uchambuzi wa mwaka 2022 uliihusisha na maji yaliyokuwa yakikutana na miamba, bila kuhitaji viumbe.

Uchafuzi wenye kuchekesha zaidi hutoka kwa wachunguzi wenyewe. Nailoni ikivunjika hutoa asidi ya aminokaproiki, ambayo huonekana waziwazi katika uchambuzi wa asidi amino, na mifuko ya nailoni imekuwa ikitumika kuhifadhia sampuli zilizopaswa kuwa safi. Asidi hiyo ilijitokeza hata katika sampuli za chombo cha Stardust, kilicholeta vumbi la nyotamkia Wild 2 mwaka 2006, ikabidi watafiti wapime isotopu za kaboni, yaani uwiano wa atomu zake nyepesi na nzito, katika glisini (asidi amino iliyo ndogo kuliko zote) waliyoiona ndipo waweze kutangaza, mwaka 2009, kwamba hiyo angalau ilitoka kwenye nyotamkia. Punje moja ya asteroidi Ryugu, iliyoletwa ikiwa imefungwa barabara, ilikuja kuota bakteria wa hapa duniani baada ya kufunguliwa maabara.

Katika mkusanyiko wa Concordia ndimo zilimopatikana chembe ambazo, kwa maoni yangu, zinatosha kuihalalisha kazi yote. Ni chache sana. Tofauti na vimondo vyenye kaboni nyingi, ambavyo kaboni yake kwa kawaida ni asilimia chache tu, hizi katika baadhi ya vielelezo zina kaboni inayozidi nusu ya ujazo wote, na madini yametawanyika ndani yake kama visiwa. Mwaka 2010 Duprat na wenzake walieleza chembe mbili za namna hiyo zilizokuwa na deuteri mara 10 hadi 30 ya kiwango cha bahari, na uwiano huo ulienea katika maeneo mapana ya kaboni, haukuwa nukta moja moja. Uchambuzi wa baadaye ulikuta nitrojeni nyingi kuliko kawaida. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba kaboni hiyo iliundwa mbali sana na jua, kupita Neptuni, juu ya magimba ambayo uso wake una barafu ya nitrojeni na methani, pale mionzi ya anga ilipoipiga barafu hiyo kwa muda mrefu na kuigeuza utando mgumu. Linalosumbua akili ni kwamba madini yaliyomo ndani ya kaboni hiyo baridi yana fuwele ambazo huhitaji joto kali ili ziundwe, joto lililopatikana karibu na jua changa. Kwa hiyo kitu kilichoungua na kitu ambacho hakikupata joto vilikutana kabla ya nyotamkia kujijenga, na ushahidi wa mchanganyiko huo umo katika punje moja isiyofika nusu ya milimita.

Huenda msomaji akauliza kaboni hiyo inanusurikaje. Chembe huingia katika angahewa kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde, na kati ya kilomita 120 na 80 juu hivi hupambana na hewa nyembamba inayoizuia na kuipasha moto. Chembe kubwa, au ile inayokuja wima kwa kasi kubwa, huyeyuka. Ile ndogo inayoingia kwa mshazari hupungua kasi mapema, mahali ambapo hewa bado ni haba, hutoa joto lake upesi kwa kuwa eneo lake ni kubwa likilinganishwa na uzito wake, kisha huelea kuteremka kwa siku au majuma. Hesabu zinaonyesha kwamba takriban tani 15,000 huingia kila mwaka na theluthi moja hivi hufika chini. Inakadiriwa kwamba asilimia 80 ya uzito wake ni vumbi la nyotamkia, na hapo ndipo barafu inapovishinda vyombo vya anga. OSIRIS-REx ilileta gramu 121.6 za asteroidi Bennu mwaka 2023, ambazo zimetoa asidi amino 14 kati ya 20 za protini, nayo Hayabusa2 ilileta gramu 5.4 za Ryugu mwaka 2020. Zote mbili ni asteroidi. Vumbi la nyotamkia lililoletwa na Stardust liligonga chombo cha kulinasa kwa kasi ya kilomita 6.1 kwa sekunde, na kaboni yake iliumia vibaya.

Kinachosemwa mara nyingi, kwamba vumbi hili ndilo lililopanda mbegu za uhai, kinazidi ushahidi uliopo. Dunia changa ilipokea vumbi jingi zaidi kuliko la leo, hilo halina ubishi mkubwa, lakini kiasi gani cha kaboni yake kilifika kikiwa kizima, na kiasi gani kilikusanyika mahali pamoja hata kikaweza kuingia katika kemia nyingine, ni mambo ambayo theluji ya Dome C haiwezi kuyajibu peke yake. Inachoweza kutoa ni orodha ya kuaminika ya malighafi.

Wakati huo huo, mawe yaliyoko juu ya barafu ya buluu yanapungua. Kimondo cheusi hunyonya mwanga wa jua kuliko barafu inayokizunguka, na pale joto la hewa linapoongezeka hata kwa kiasi kidogo, jiwe huyeyusha kitanda chake na kuzama, likawa halionekani tena kutoka juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba vimondo karibu 5,000 hupotea kwa namna hiyo kila mwaka, idadi inayozidi kwa mbali vile vinavyookotwa. Theluji ya ndani ya bara, kwa baridi yake ya nyuzi 55, haimo katika hatari hiyo kwa sasa, na ndiyo maana kazi ya kuokota mawe ndiyo inayohitaji kuharakishwa, ilhali vumbi la Dome C linaweza kusubiri.